Vitufe na Mwongozo
Hapa Arlington, ng'ambo ya Mto Potomac, nimepitia onyesho la awali la mwongozo uliosanifiwa upya wa maktaba moja ya programu huria. Sura imependeza, lugha ni Kiingereza kitupu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitupatia Jambo OpenOffice, menyu zikasema Kiswahili. Django nayo ina vitufe vya Kiswahili, mwongozo wake hauna. Kitufe huamrisha, mwongozo hueleza kwa nini, na hapo ndipo wanafunzi wangu hukwama.

Onyesho la awali hutolewa ili watu wapinge mapema. Nimepinga, nikaambatisha aya niliyoifasiri. “Kurithi” kulinisumbua: kwetu hurithi aliyefiwa, ilhali katika programu mzazi yu hai. Kisha nikakumbuka kwamba sura nayo hurithiwa.