Niliangalia Mvuke, Sikuona

Baba mdogo ana Coccinelle ya mwaka 1970, rangi ya maziwa, ambayo kila mwaka anasema ataiuza na kila mwaka inabaki. Iko nyuma ya garaji yake hapa Lubumbashi, chini ya bati, pamoja na injini zilizofunguliwa na kuku wa mke wake. Katika gari hilo nilijifunza kuendesha. Katika gari hilo pia neno langu moja lilimuunguza mtoto wa watu.

Kila mtu anajua kwamba Coccinelle injini yake iko nyuma. Wachache wanajua batri yake iko wapi. Iko ndani, pamoja na abiria, chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia. Unainua kiti, unaikuta imekaa sakafuni kama kuku anayelalia mayai. Kiti chenyewe kina springi za chuma, na kifuniko cha batri kikipotea (katika magari ya umri huu ni nadra kukikuta), mtu mzito akikaa, springi zinaweza kugusa vichwa viwili vya batri na kuwasha moto. Hatari hiyo mekanisie wanaijua, kwa sababu inaonekana. Hii ninayotaka kusimulia haionekani.

Mwaka jana nilikuwa nakusanya istilahi za magaraji kwa ajili ya kazi yangu ya kumaliza masomo. Nilishinda pale na daftari, nikiuliza hiki kinaitwaje, kile kinaitwaje. Siku moja baba mdogo akaniambia: «Weye unasoma maluga, andikia bale batoto karatasi ya batri. Bafahamu.» Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Hatimaye kuna mtu katika familia aliyeona kazi ya somo langu.

Nikaandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili sanifu, herufi kubwa, nikaubandika ukutani. Daftari langu lilikuwa limejaa maneno ya Kifaransa yaliyovaa viambishi vyetu, na nilitaka kuonyesha kwamba Kiswahili kinajitosheleza. Wanafunzi wa garaji walikuwa wanasema *gazi*. Mimi nikaandika *mvuke*. Sentensi ilikuwa hivi: «Betri inapochajiwa hutoa mvuke unaoweza kuwaka. Hakikisha mvuke umekwisha kabla ya kugusa nyaya.» Hata *batri* yao niliigeuza kuwa *betri*.

Kinachotokea ndani ya batri ni hiki. Umeme wa chaja ukiendelea kuingia wakati batri imekwisha kushiba, unaanza kuyavunja maji yaliyomo pamoja na asidi. Yanatoka hidrojeni na oksijeni, yaani kuni na kipepeo chake pamoja. Hidrojeni haina rangi wala harufu. Ikifikia sehemu 4 katika 100 za hewa, cheche ndogo inatosha kuilipua. Mahali pa wazi inapanda na kupotea mara moja, maana hakuna gesi nyepesi kuliko hiyo. Chini ya kiti, madirisha yamefungwa, haina pa kwenda.

Ilikuwa msimu wa mvua. Kurani ilikuwa imekatika mchana kutwa, ikarudi usiku. Baba mdogo alikuwa ameunganisha chaja kwenye batri humo humo garini, akafunga milango kwa sababu ya mvua, akaenda kulala. Asubuhi akamtuma mwanafunzi wake mdogo kuliko wote, kijana wa miaka kumi na saba, akatoe nyaya. Kijana anajua kusoma, na ndiye pekee aliyekuwa akiisoma karatasi yangu mara kwa mara. Aliinua kiti, akainama, akatazama vizuri. Hakuona mvuke. Akashika koleo la chaja, chaja bado inafanya kazi, akalivuta.

Nilikuwa nanawa uso uani. Mlio ulikuwa mfupi, mkavu, kama ubao unaovunjika. Kipande cha kifuniko cha batri kilikuwa kimeruka, na asidi imempata usoni. Baba mdogo hakuuliza kitu. Alimshika kichwa, akakiinamisha kando ya pipa la maji ya mvua, akammwagia kopo baada ya kopo akimlazimisha afungue macho, muda mrefu sana, mpaka sisi wengine tukaanza kusema twende hospitali, naye akijibu «bado, bado». Daktari alisema baadaye kwamba maji yale ndiyo yaliyoliokoa jicho la kushoto. Limebaki na kovu dogo jeupe. Anaona, ila taa za magari usiku zinamsumbua.

Nilipokwenda kumtazama nilitaka kumwambia kwamba chaja ilipaswa kuzimwa kwanza. Akanitangulia, bila hasira, kama mtu anayetaka kuelewa somo: «Yaya, uliandika mvuke. Mvuke njo ile ya ku sufuria. Niliangalia mvuke, sikuona.»

Sikuwa na jibu. Mvuke ni jamaa ya *kufuka* na *kufukiza*. Ukoo mzima wa neno hilo unaonekana kwa macho. Kamusi inaweza kulipa maana pana, lakini kijana hakuinama juu ya batri akiwa na kamusi. *Gazi* wanalijua: ni kitu cha chupa ya kupikia, huoni kitu, na ukiwasha kiberiti nyumba inaondoka. Neno nililolifukuza kwa ugeni wake lingemlinda. Nalo ugeni wake ni wa namna yake: lilitungwa katika karne ya 17 na Jan Baptist van Helmont, mtu wa Brussels, akifikiria *chaos* ya Wagiriki. Hata Wafaransa walilikopa.

Alipopona tuliandika upya, safari hii watatu, tumekaa juu ya matairi. Nilipendekeza *gazi*, nikidhani mambo yamekwisha. Baba mdogo akakataa. Gazi ya kupikia ni nzito, akasema, inatambaa sakafuni; wakisoma gazi watafungua tundu la chini. Alikuwa na haki: ya batri inapanda juu. Yeye alipenda *batri inapumua*. Nililiona zuri, hata nikaliandika. Lakini kijana akatikisa kichwa. Pumzi, alisema, ni kitu kizuri, nani atakimbia pumzi? Kisha akacheka mwenyewe kabla ya kusema: «Andika: batri inajamba.»

Tulicheka sana, mimi wa mwisho. Tafadhali msomaji, lipime kabla ya kukunja uso. Hakionekani. Kinatoka baada ya kushiba kupita kiasi. Kinapanda. Ndani ya gari lililofungwa kinawahusu wote, na kila mtu, hata asiyejua kusoma, anajua la kufanya: fungua milango, ngoja, usiwashe kitu. Nimesoma kurasa nyingi juu ya uundaji wa istilahi, na sijakutana na neno lililofanya kazi kiasi hicho kwa silabi chache hivyo. Mwalimu anayeniongoza alilisoma katika rasimu, akavua miwani, akauliza kama nina nia ya kulitetea mbele ya jopo. Nikasema ndiyo. Akaandika pembeni: «Basi litetee.»

Karatasi ya sasa ina mistari mitano. Toa batri garini kabla ya kuichaji. Kama haiwezekani, inua kiti na uache milango wazi. Zima chaja kwanza, ndipo uguse koleo. Batri ikishiba inajamba, nawe hutaona kitu. Asidi ikikurukia, maji mengi, macho wazi.

Coccinelle nayo tuliifanyia kazi. Batri mpya imo ndani ya sanduku la plastiki lenye kifuniko cha mpira, na kutoka sehemu ya juu ya sanduku kuna mpira mwembamba unaopita kwenye tundu la sakafu hadi nje, mbali na bomba la moshi. Ilibidi tuupitishe kando ili kiti kisiukandamize. Chini ya kiti hicho hicho, upande wa kushoto, kuna rejileta, na rejileta ya zamani inafanya kazi kwa kugusanisha vyuma, yaani cheche ndogo muda wote. Waliolipanga gari hilo waliviweka jirani. Baba mdogo aliuliza kitu chepesi kitashukaje sakafuni. Kijana ndiye aliyemjibu: sanduku limefungwa, mlango ni mmoja, inayozaliwa nyuma inaisukuma ya mbele.

Jumapili iliyopita tulikwenda nayo Kipushi. Kijana alikaa nyuma, upande wa kulia.