Ng'ombe wa Pwani ya Ziwa: Kutoka Kisumu Hadi Mbita

Msafiri ateremkaye kutoka nchi ya baridi ya Nandi, akifika ukingoni mwa milima, huona chini yake nchi iliyo kana kwamba iliumbwa kwa ajili ya ng'ombe. Uwanda wa Kano ni tambarare, mito inautambaa ikielekea magharibi, nyasi ni ndefu kandokando ya mitaro, na mbele yake ziwa limelala likimeta mpaka macho yachoke. Kwa hiyo hustaajabu asikiapo kwamba maziwa mengi yanywewayo Kisumu yameshuka njia ile ile aliyoshuka yeye, yametoka huko juu kwenye baridi. Nchi yenye maji na majani kiasi hiki imekosaje maziwa? Jibu lake limo katika maji yale yale na majani yale yale.

Kisumu ulikuwa mji wa reli tangu mwanzo. Njia ya gari la moshi kutoka Mombasa ilifika hapo mwaka 1901, na bandari ikaitwa Port Florence kwa muda. Lakini ng'ombe walikuwako kabla ya reli, na hata leo hawajaondoka mjini. Huonekana asubuhi wakipita pembeni mwa barabara, wadogo, wenye nundu, wakichungwa na mtoto mwenye fimbo. Na wasipochungwa huingia kwenye majalala kutafuta maganda ya ndizi na sukuma wiki iliyooza. Hapo humeza karatasi za nailoni, nazo haziyeyuki tumboni. Hujikusanya mpaka mnyama akakonda na kufa huku tumbo limejaa. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, lakini takataka za namna nyingine bado ziko. Ng'ombe afugwaye mjini hana budi kufungiwa na kuletewa chakula.

Kwa Wajaluo ng'ombe si nyama na maziwa tu. Ndiye mahari, na mzee anapofariki ng'ombe huswagwa kwa vishindo na nyimbo katika desturi iitwayo tero buru. Kwa hiyo hesabu ya vichwa imekuwa heshima ya mtu tangu zamani, na si rahisi kumwambia mwenye kumi apunguze mpaka wawili. Hata hivyo maksai wawili wenye nguvu hulima shamba la Kano, lenye udongo mweusi unatao, upesi kuliko maksai sita waliokonda.

Kutoka Kisumu kwenda Ahero, msafiri husimuliwa kisa ambacho hubadilika majina tu. Karani amestaafu, amepokea kiinua mgongo chake, naye anaamua kununua ng'ombe wa gredi. Anakwenda huko juu, anachagua mtamba mwenye mimba, mwenye madoa meusi na meupe, na kumteremsha kwa lori. Jirani wote wanakuja kumtazama. Siku ya tatu anamwachilia achunge pamoja na zebu wa kijiji, maana majani ni mengi na ni ya bure. Baada ya wiki mbili hivi tezi iliyo chini ya sikio inavimba, kisha ile iliyo mbele ya bega. Mwili unapata moto, mnyama anaacha kula, machozi yanamtoka, anapumua kwa shida, na mwishoni povu linatoka puani. Wiki ya tatu haijaisha, na karani anachimba shimo. Fedha ya miaka 30 ya kazi imeingia humo.

Ugonjwa huo ni ndigana kali. Huletwa na kupe wa rangi ya kahawia apendaye kukaa ndani ya sikio. Kupe huyu hubadili mnyama mara tatu katika maisha yake: akiwa mchanga hunyonya mmoja, akianguka na kukua hupanda mwingine, na akiwa mzima hupanda wa tatu, baina ya safari hizo hungoja juu ya ncha za nyasi. Akinyonya ugonjwa kwa mmoja, humwambukiza afuataye. Zebu wa Kano wamezaliwa pamoja na kupe hao, na wale waliookoka utotoni wana kinga. Mgeni kutoka juu, aliyekuwa akinyunyiziwa dawa kila wiki, hana kinga yo yote. Watu husema ng'ombe wa gredi ni dhaifu. Si dhaifu, ameingizwa vitani bila silaha.

Zamani silaha ilikuwa josho. Siku ya josho ilikuwa kama siku ya soko: vumbi, kelele, na ng'ombe wakirukia majini mmoja baada ya mwingine mpaka pembe tu zionekane. Baada ya serikali kuacha kuyagharamia kama awali, katika miaka ya 1980 na 1990, kazi ikaachiwa wenyeji, na majosho mengi yalikauka. Siku hizi wengi hutumia bomba la mkono. Bomba hufaa, mradi dawa ichanganywe kama ilivyoandikwa katika chupa. Anayeipunguza ili idumu hawaui kupe, huwafundisha kuizoea. Tena mtu asinyunyizie mgongo peke yake kwa kuwa ndio ulio karibu na macho. Kupe wamo ndani ya masikio, chini ya mkia, katika kiwele na mapajani. Kupe wa ndigana hukaa mwilini siku kadhaa kabla ya kumimina ugonjwa, na kwa sababu hiyo anyunyiziaye kila wiki bila kuruka huokoa wengi, na arukaye wiki mbili amejilisha hasara.

Iko pia sindano. Katika kituo cha utafiti cha Muguga, karibu na Nairobi, ndiko Walter Plowright alikotengeneza chanjo ya sotoka, ugonjwa uliofagia ng'ombe wa Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890, na ambao mwaka 2011 ulitangazwa kwamba umekwisha duniani kote. Huko huko Muguga, katika miaka ya 1970, wataalamu walikamilisha kinga ya ndigana. Ndama hudungwa vijidudu hai vya ugonjwa, na papo hapo hudungwa dawa inayokaa mwilini siku nyingi ili visimshinde. Huugua kidogo au asiugue, kisha hupata kinga ya muda mrefu sana. Gharama yake si ndogo, lakini kila mtu aweza kuipima kwa bei ya mtamba. Kinga hiyo haimwondolei mwenye ng'ombe kazi ya bomba, maana kupe wana magonjwa mengine, kama vile ndigana baridi na ule wa mkojo mwekundu.

Sindano na bomba vyahitaji mnyama ashikike. Hapa fimbo imeharibu mengi. Ng'ombe aliyezoea kupigwa humkimbia kila mtu, hata daktari, na akikamatwa kwa nguvu huvunja mguu wake au wa mtu. Afadhali kujenga njia nyembamba ya magogo, ambamo mnyama huingia asiweze kugeuka, na kumpitisha humo mara kwa mara bila kumtenda jambo, ili asiiogope. Ng'ombe haoni kitu kilicho nyuma yake kabisa. Mtu amwendee kwa ubavuni, akisema naye. Wachungaji wa zamani wa pwani hii waliwaita ng'ombe kwa majina na kuwaimbia, nao hawakuwa wajinga.

Mbele ya Ahero, mto Nyando hupita, na huko ni nchi ya mpunga. Mvua zikizidi, kama mwaka 2020 ziwa lilipopanda sana, mto na ziwa hukutana juu ya mashamba, na watu na mifugo huhamia kwenye miinuko. Maji yakiondoka huacha majani mororo ya kijani kibichi, na ng'ombe wenye njaa huyakimbilia. Humo mna konokono mdogo wa majini, na ndani ya konokono hukua minyoo ya ini, ambayo hutoka na kujishikiza kwenye majani yenye maji. Mnyama ayalapo haanguki siku ile wala mwezi ule. Hukonda polepole, maziwa hupungua, nywele husimama, na uvimbe laini hushuka chini ya taya. Mwenyewe husema ni uzee au kijicho cha jirani. Ukweli hujulikana machinjioni, ini linapopasuliwa. Wajuao huwazuia ng'ombe wasikanyage ukingo wa kinamasi, huwapa maji ndani ya hori, na huwanywesha dawa ya minyoo kama daktari anavyopanga. Mabua ya mpunga ya Ahero ni chakula kizuri cha kiangazi, hasa yakirashiwa molasi kutoka viwanda vya sukari vya upande wa Muhoroni. Lakini yakaushwe barabara na kuwekwa kwanza, yasiliwe yakiwa mabichi kutoka majini.

Jambo jingine la nchi ya mafuriko halina mzaha. Ng'ombe akifa ghafula, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani au nyuma, asipasuliwe wala kuchunwa. Huenda ni kimeta, na mbegu zake hukaa udongoni miaka mingi sana. Nyama hiyo imeua watu waliosema ni hasara kuitupa. Afisa wa mifugo aitwe, mzoga uchomwe au uzikwe chini sana, na waliosalia wachanjwe.

Barabara yapita Katito, kisha yafuata ziwa hadi Kendu Bay na Homa Bay. Hewa hapa ni kavu zaidi, na mbuzi ni wengi. Kusini-magharibi ya Homa Bay lipo bonde la Lambwe, zuri kwa kutazama, na tupu kuliko lilivyostahili kuwa. Sababu yake ni mbung'o. Nzi huyu hukaa katika vichaka, naye aliwapa watu malale na ng'ombe nagana, hata familia zikahama. Sehemu ya bonde ilifanywa hifadhi, iitwayo sasa Ruma, ambamo yumo korongo, mnyama asiyeonekana tena kwingine nchini Kenya. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo tena la afya ya watu katika Kenya. Kwa ng'ombe habari haijaisha. Karibu na vichaka bado hutundikwa mitego ya vitambaa vya buluu na nyeusi, rangi zinazomvuta nzi huyo, na mnyama mwenye homa inayokuja na kuondoka, anayekonda ingawa anakula, yafaa apimwe damu kabla ya kudungwa dawa ya kubahatisha.

Safari yaishia Mbita, mkabala na kisiwa cha Rusinga. Hapo kipo kituo cha ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. Kuanzia miaka ya 1990 wataalamu wake, pamoja na wenzao, walijaribu jambo ambalo mkulima ye yote aweza kulielewa akilitazama. Baina ya mistari ya mahindi hupandwa jani litambaalo liitwalo desmodiamu, na kuzunguka shamba hupandwa majani ya tembo. Desmodiamu humfukuza nondo wa funza wa mabua na kulizuia gugu la kiduha, waliitalo Wajaluo kayongo. Majani ya tembo humvuta nondo nje ya shamba. Mahindi yakapona. Lakini faida iliyowapendeza wafugaji ilikuwa ya pili: yote mawili ni chakula cha ng'ombe, tena desmodiamu hulisha vema kwa kujenga mwili na kuongeza maziwa.

Huko ndiko swali la mwanzo lipatapo jibu. Mwenye shamba la namna hii hamtumi ng'ombe kwenye nyasi zenye kupe, wala ukingoni kwenye konokono, wala kichakani kwenye mbung'o. Humjengea banda lenye paa, maana joto la adhuhuri kando ya ziwa humchosha mnyama wa gredi hata akaacha kula. Ndiyo sababu wengine huchagua damu ya Sahiwal, ng'ombe wa asili ya Bara Hindi avumiliaye jua na kupe, au chotara wake. Ndama hupewa dang'a saa zile zile za kwanza baada ya kuzaliwa, kwa kuwa kinga ya mama imo humo. Mkamuaji hunawa, huosha kiwele, na matone ya kwanza huyakamulia katika kikombe cheusi ili mabonge ya ugonjwa wa kiwele yaonekane.

Jioni, wavuvi wanapotayarisha taa zao za kuvulia omena, mama mmoja wa Mbita hupanda kutoka ziwani na mtungi kichwani. Ng'ombe wake anaweza kunywa lita 60 kwa siku na zaidi anapokamuliwa, na ziwa liko hatua chache tu chini ya banda. Hata hivyo hamfungui. Anamimina maji horini, anarudi kuchukua mengine, na ng'ombe anakunywa akilitazama ziwa kwa mbali.