Usijifiche, Mwanangu

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Magoti yananisumbua mvua zikinyesha, lakini sokoni bado nakwenda mwenyewe. Nimeona nikuandikie kwa sababu simu yangu siku hizi huipokei, na ukiipokea huwa uko mbioni. Barua utaisoma ukiwa umetulia, na ukitaka utairudia.

Mama yako ameniambia. Usimkasirikie wifi yangu. Nilimbana mimi nilipoona hukutokea kwenye harusi ya mdogo wako kule Pangani. Amesema kilo zimeanza kurudi, kutoka 84 umefika 93, kupima damu umeacha, na mizani umeisukumiza chini ya kitanda. Kilo 9 hazijanitisha hata kidogo. Kilichonitisha ni huko kujificha, na ndiko kulikonifanya nishike kalamu.

Wewe unajua kazi yangu ilikuwa uuguzi mpaka nilipostaafu. Wagonjwa waliokuwa wakitupotea kliniki, wa kisukari, wa presha, wa kifua kikuu, wengi wao hawakuwa wazembe. Walikuwa na aibu. Mtu sukari imempanda, anajua atasemwa mbele ya watu, anaona heri abaki nyumbani mwezi mmoja ajirekebishe kwanza. Mwezi unakuwa mwaka. Akirudi, tunaanza kutibu mguu badala ya sukari. Baba yako, Mungu amrehemu, alipita njia hiyohiyo. Kidonda kilikuwa kidogo, akakificha ndani ya soksi mpaka kikanuka. Sitaki kuiona hadithi ile tena katika ukoo wetu.

Hebu tupige hesabu pamoja. Ulikwenda India kupasuliwa tumbo ili upunguze uzito mwaka 2019, ukiwa na kilo 128. Ukashuka hadi 84. Leo uko 93. Kwa hiyo bado umepungua kilo 35, kama asilimia 27 ya uzito ulioondoka nao hapa. Uswidi walianza utafiti mkubwa mwaka 1987. Waliwafuatilia watu 2,010 waliopasuliwa ili kupunguza uzito, wakawalinganisha na wengine 2,037 wanene kama wao ambao hawakupasuliwa. Waliofanyiwa upasuaji wa aina yako walishuka kwa wastani wa asilimia 32 katika mwaka wa kwanza na wa pili. Mwaka wa kumi ulipofika, wastani ulikuwa asilimia 25. Umeona ulipo? Uko njia moja na wenzako. Na katika muda wa kufuatiliwa, ambao kwa wastani ulikaribia miaka 11, waliofariki upande wa waliopasuliwa walikuwa 101, na upande wa pili 129. Uhai ndio tulioufuata India. Nguo ya saizi fulani hatukuifuata.

Najua lipo jambo jingine linalokukaa rohoni, nalo ni pesa. Ukoo mzima ulichanga. Baba yako mdogo aliuza ng'ombe. Sasa ukipita barazani mtu anakutazama kiunoni kama anayehesabu mchango wake, na juzi nasikia jirani amekwambia, "Utumbo ulikatwa bure." Mwanangu, mchango ule haukuwa mkopo, na hakuna kikao kitakachokuita utoe hesabu ya kilo. Ulipoondoka hapa ulikuwa unalala umekaa kwa kukosa pumzi, na sukari yako ilikuwa haishikiki. Leo unapanda ngazi za ofisini kwako, na sindano za sukari umeziacha. Anayetaka kujua pesa zilikwenda wapi, mlete kwangu nimjibu.

Watu wanasema "amekatwa utumbo" kama vile kisu kimemaliza kazi. Daktari wako alitenga kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo, kinachoingia kama vijiko viwili vikubwa vya maji, akakiunganisha na utumbo mwembamba mbele zaidi, chakula kikawa hakipiti tena kwenye sehemu kubwa ya tumbo. Mwaka wa kwanza hata zile homoni za njaa hunyamaza. Ndiyo maana ulikuwa unasahau kula, mama yako analia kwamba utakufa. Miaka ikienda, mwili huzoea. Kifuko hupokea zaidi kidogo, utumbo hujifunza, na njaa hurudi. Njaa hiyo usiiite uroho, wala usijione umeshindwa. Ila ujue kwamba kazi iliyokuwa ikifanywa na kisu peke yake, sasa mnaifanya wawili.

Nilipokuja kukaa kwako mwezi wa Rajabu niliangalia, nikanyamaza. Sahani yako haina tatizo, ni ndogo na ina mboga. Tatizo liko katikati ya sahani na sahani. Biskuti mbili na chai saa nne, kashata kwa mwenzako wa meza ya pili, juisi ya miwa ukishuka kwenye daladala, na usiku mbele ya televisheni bakuli la krispi mpaka chini. Vyakula laini na vitamu vinateleza kwenye kifuko bila kukijaza, kwa hiyo unakula kutwa nzima huku ukiamini hujala. Samaki, kuku na maharage hukaa, ukashiba kweli. Anza navyo kila mlo, wali ufuate nyuma kama nafasi ipo. Unahitaji angalau gramu 60 za protini kwa siku, na yai moja lina kama gramu 6 tu, basi usidhani yai la asubuhi limekutosha. Ongeza mtindi, dagaa, kipande cha samaki mchana, choroko usiku. Dagaa nitakuletea wa hapa, waliokaushwa vizuri, wasio na mchanga. Maji unajua: usiyanywe pamoja na chakula, subiri nusu saa.

Ile siku ya Idd uliyotokwa jasho ukaanguka jikoni, watu wakasema presha, wengine wakasema jicho baya. Ulikuwa umekula kaimati za shira na glasi ya sharubati tumbo likiwa tupu. Kwa mtu mwenye tumbo kama lako, sukari huingia kwenye utumbo kwa kishindo. Moyo huenda mbio papo hapo, au baada ya saa moja hadi tatu sukari ya damu huanguka chini, ukatetemeka na kuishiwa nguvu. Kwa hiyo Ramadhani usifungulie vitamu. Chukua maji kidogo, tende moja inatosha, kisha supu ya samaki, kisha upumzike. Usiku gawa maji mpaka daku. Na kabla ya mwezi kuandama muulize daktari kama ufunge. Dini yetu haijamkalifisha mgonjwa.

Sasa vidonge, na hapa nakuomba usome polepole. Umeviacha kwa sababu unajisikia mzima. Vitamini B12 mwili huiweka akiba kwenye ini, na akiba hiyo huweza kuchukua miaka kuisha. Kwa hiyo upungufu wake hauji mwaka wa kwanza ulipokuwa makini. Unakuja sasa, ukiwa umesahau. Huanza na uchovu, ulimi kuwaka, ganzi nyayoni, kusahausahau. Ganzi ikikaa muda mrefu mishipa ya fahamu inaweza isipone tena, hata ukidungwa sindano. Usiseme unakula maini. Tumbo lako halina tena njia nzuri ya kuichukua B12 kutoka kwenye chakula, ndiyo maana unahitaji vidonge vyake au sindano maisha yako yote. Madini ya chuma vilevile, nawe unapata hedhi kila mwezi. Chai yetu hii huzuia chuma kisiingie mwilini, basi kidonge cha chuma kimeze mbali na chai, na mbali na kile cha kalsiamu kwa saa mbili angalau. Weka kimoja asubuhi na kingine usiku, mambo yaishe. Vitamini D na kalsiamu ni za mifupa. Bibi yako alivunjika nyonga kwa kuteleza uani tu, na hakupasuliwa tumbo.

Damu upime kila mwaka: wingi wa damu, akiba ya chuma, B12, vitamini D, kalsiamu, na kile kipimo cha sukari kinachoonyesha miezi mitatu. Kisukari chako kimelala, na kinaweza kuamka kimyakimya hata kama hunenepi. India si lazima urudi. Vipimo hivi hospitali kubwa za Dar wanavyo, na daktari yeyote wa magonjwa ya ndani atavisoma, ilimradi ajue umefanyiwa nini.

Hilo la kujua ulifanyiwa nini linanikosesha usingizi. Makovu yako ni madogo, hakuna atakayeyatambua. Ukienda zahanati na mgongo unauma, kitu cha kwanza watakachokupa ni diklofenaki, ya sindano au ya vidonge. Mwenye tumbo kama lako dawa hiyo huweza kumtoa vidonda pale kifuko kilipounganishwa na utumbo, na vidonda hivyo huweza kutoka damu. Ibuprofeni ni ndugu yake. Maumivu ya kawaida meza panadol kwa kipimo. Andika kikaratasi kwa mkono wako: aina ya upasuaji, mwaka, dawa usizotakiwa kupewa. Kikae kwenye pochi na kitambulisho. Mumeo pia ajue, maana ukizimia yeye ndiye atakayeulizwa.

Na ukipata maumivu makali ya tumbo yanayokuja ghafla, hata kama ni mwaka wa kumi, usikubali kupewa dawa ya gesi na kurudishwa nyumbani. Baada ya upasuaji huu utumbo unaweza kupenya mahali pasipo pake ukajisokota, na hapo saa chache ni nyingi. Nenda hospitali yenye madaktari wa upasuaji, watoe picha. Kutapika kwa siku kadhaa nako usikuvumilie, kwa sababu vitamini B1 huisha upesi na ubongo huumia. Wakitaka kukutundikia dripu ya glukosi, waambie wakupe B1 kwanza.

Kuhusu mtoto, sitawauliza, ni lenu na mumeo. Nasema tu kwamba kabla ya kushika mimba pima damu yote na umeze foliki asidi. Na wakikutaka unywe yale maji ya glukosi ya kupima kisukari cha mimba, wakumbushe tumbo lako lilivyo, wakupime kwa njia nyingine.

Mazoezi sitayarefusha. Tembea, na mara mbili tatu kwa wiki beba kitu kizito, hata ndoo ya maji, ili kilo zinazopungua zisiwe za misuli.

Kama mizani itaendelea kupanda baada ya kurekebisha yale ya katikati ya sahani, yapo mambo ya kufanya. Ziko sindano, kama semaglutaidi, ambazo madaktari huwapa hata waliokwisha kupasuliwa. Lakini azipange daktari anayekujua, usinunue za kwenye simu. Na kama unakula kwa huzuni, na nadhani tangu baba yako aondoke kuna usiku unakula kwa huzuni, basi sema na mtu. Sema na mimi. Mwanasaikolojia naye ni mtu wa kuonana naye kama unavyoonana na daktari wa meno. Hapana ukichaa wowote katika hilo.

Hizo karatasi za India, mama yako anasema ziko kwenye begi la kijani juu ya kabati lake. Zipige picha zote uzihifadhi kwenye simu, kisha nitumie na mimi. Wiki ijayo nakuja Dar kwa basi la asubuhi, nitafikia kwako, sitafikia kwa mtu mwingine. Jumatano tutakwenda maabara pamoja kabla hujanywa chai, na majibu tutayafungua wote wawili mezani kwako. Huyo jirani mwambie shangazi anakuja.

Nisalimie mkwe wangu.

Wasalaam,
Shangazi yako