Maji Yanaenda Wapi?

Gari letu ni Corolla 110 ya 1998, na mwaka jana, kuanzia Mei, lilianza kunywa maji kama ng'ombe wa maziwa. Unajaza rejeta asubuhi, jioni ukifungua kifuniko huyaoni. Chini ya gari, pakavu. Nililiegesha juu ya katoni usiku kucha, nikapiga magoti saa kumi na mbili asubuhi na tochi ya simu. Hakuna hata tone.

Tunaishi Limuru. Mama anafuga kuku wa mayai, na mimi, tangu niache chuo, huandika kazi za watu kwenye laptopu na ndiye dereva wa nyumba. Mara tatu kwa wiki tunateremsha trei hadi Uthiru na Kangemi, kwa wauza smokie na mayai boilo. Mayai na matatu haviendani, mtu yeyote aliyejaribu atakwambia.

Fundi wa kwanza aliangalia chini ya boneti dakika mbili hivi. "Mathe, hapa hedi gasketi imeenda," akamwambia mama, si mimi niliyeshika ufunguo. Bei, 38,000, na bado hedi ipelekwe kusawazishwa. Kisha akashusha sauti, kama mtu wa kanisa anayetoa pole: "Lakini kama mnaona ni stress, niko na mtu anaweza kuichukua vile iko. Mia na arobaini."

Shilingi 140,000. Mama aliomba siku kumi afikirie. Namjua. Hiyo ilikuwa kukubali kwa adabu.

Na kwa pesa hiyo huwezi kupata lingine. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo 110 mpya haziji. Zilizobaki ni hizi hizi tunazopishana nazo barabarani, na wenyewe wanajua thamani yake.

Sina vita na mafundi, ila naona hedi gasketi ni kama malaria ya kliniki za zamani: kila homa ni hiyo. Gasketi ikienda kweli huwa inaacha dalili. Oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Moshi mweupe unaendelea hata injini ikishapata moto. Ukiwasha gari likiwa baridi, kifuniko kikiwa wazi, unaona mapovu yanapanda kwenye rejeta bila kukoma. Nilitafuta zote tatu. Hakuna.

Siku ya nne nikampelekea fundi mwingine, kijana wa jua kali pale Kikuyu. Huyu alikuja na kichupa chenye dawa ya bluu, akakisimamisha kwenye mdomo wa rejeta injini ikinguruma. Hewa iliyochomwa kwenye silinda ikiingia kwenye maji, dawa hubadilika kuwa ya manjano. Yetu ilibaki bluu kama sweta ya shule. Kisha akafunga pampu ya mkono yenye geji pale kifuniko kinapokaa, akapiga presha.

Hapa niseme kitu kuhusu kifuniko cha rejeta, kwa sababu watu wengi wanadhani ni kizibo tu. Huku kwetu, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, maji ya sufuria huchemka kabla ya kufika nyuzi 94, na injini ikipanda mlima inaweza kufika hapo kirahisi. Kifuniko ndicho kinachoshikilia presha ndani, maji yapite hata nyuzi 100 bila kuchemka. Lakini presha hiyo hiyo ndiyo inayosukuma maji kwenye ufa ambao gari likipoa huwezi kuuona. Ndiyo maana ya pampu: unaweka presha gari likiwa baridi, unakaa, unatazama mshale.

Mshale haukusonga robo saa nzima.

"Madam," akasema, "hii gari haivuji."

Ilivuja Ijumaa, robo tatu ya lita.

Nikachukua daftari la mayai la mama, nikaligeuza nyuma, nikaanza kuandika maji. Kila jioni, gari likishapoa (usifungue rejeta ya moto, tafadhali, nimeona mkono wa mtu), najaza kwa kikombe cha kupimia na kuandika. Jumamosi, sifuri. Jumapili, sifuri. Jumatatu, robo tatu. Jumanne, sifuri. Jumatatu na Ijumaa ni siku za mayai, kwa hiyo nikasema ni uzito, au ni ule mpando wa kurudi. Jumanne usiku nikapakia magunia ya chakula cha kuku, na Jumatano, ambayo pia ni siku ya mayai, nikamwomba mama abaki nyumbani. Nikateremsha trei mwenyewe na kurudi, barabara ile ile, saa zile zile. Sifuri.

Nilikaa na hilo daftari muda mrefu. Kitu pekee kilichokosekana Jumatano ni mama.

Mama ana magoti. Akiingia garini, kabla hata ya mkanda, anasukuma kile kidude cha hita hadi kwenye nyekundu. Mimi nikiwa peke yangu sigusi. Na kwenye gari letu, ukiweka kwenye baridi, vali inafunga maji yasiende kwenye hita kabisa. Ile hita ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi.

Nikaenda upande wake nikainua mati. Kapeti ilikuwa imelowa, na sisi tulizoea kusema ni matope ya viatu vya Limuru. Kioo cha mbele kilikuwa kinapata ukungu wenye mafuta mafuta; tukasema ni baridi ya Julai. Nilibonyeza kapeti, kiganja kikatoka na kijani cha kulanti na ile harufu tamu. (Ni sumu, usionje, na mbwa asifike karibu.) Nilipomwambia mama akasema, bila kuacha kupanga trei, "Si nilikwambia hii gari inanukia peremende?" Alikuwa ameniambia.

Alhamisi nikarudi Kikuyu. Fundi akapiga presha ile ile, mshale ukasimama pale pale. Nikaingiza mkono dirishani nikasukuma hita hadi kwenye nyekundu. Mshale ukaanza kushuka, polepole, sote wawili tukiuangalia.

"Ehe," akasema. "Kumbe."

Akakata paipu mbili zinazoingia kwenye hita, akaziunganisha kwa kipande cha bomba na klipu mbili, maji yazunguke bila kupita ndani. Shilingi 900, pamoja na kulanti. Ilikuwa siku ya tisa. Mama alimpigia simu fundi wa kwanza mwenyewe, akamwambia asante, hatuuzi, akakata kabla hajaulizwa kwa nini.

Hita nyingine, ya mtumba, nimeiulizia Kirinyaga Road. Bei si mbaya, kazi ndiyo mbaya, maana dashibodi yote lazima itoke. Kwa sasa mama anafunika magoti kwa leso mbili, na kila tukifika pale ukungu unapoanza ananiuliza ni lini.