Luxembourg ni Ndogo Kuliko Kwale

Leo hakuna video. Hii nimeona niiandike tu.

Binamu yangu alikuwa na meza ya kutengeneza simu Tanga mjini. Sisi ni Wadigo, na Wadigo wako Kwale na wako Tanga, kwa sababu Waingereza na Wajerumani walichora ule mstari 1886 bila kutuuliza. Kwa hivyo yeye hakwenda nchi ya nje. Alienda kwa shangazi.

Halafu Julai 2025 serikali ya Tanzania ikatoa agizo: biashara ndogo ndogo aina 15, mgeni haruhusiwi. Kutengeneza simu imo. Kutuma pesa kwa simu imo. Hakuna mtu aliyekuja kumfukuza. Alisoma tangazo, akakunja meza, akarudi Ukunda na begi moja.

Nilikasirika bana. Nikaanza kurekodi video ya kuwachamba Watanzania. Mamangu alikuwa akikuna nazi pale uani, akaniuliza: "Na sisi tulipozuia mahindi yao, ulirekodi?"

Nikanyamaza. Ni kweli, Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda, sababu ikatajwa sumu ya aflatoksini. Siku chache baadaye yakaruhusiwa tena kwa masharti. Video nikaifuta.

Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilinishinda. Lakini darasani nilitoka na hili: tangu Julai 2010 tuna Soko la Pamoja la Afrika Mashariki. Kwenye karatasi, binamu yangu ana haki ya kuvuka, kufanya kazi, hata kufungua biashara. Karatasi tunazo. Tatizo ni kwamba asubuhi moja tangazo linaweza kuzipita.

Sasa angalia Luxembourg. Ina kilomita za mraba kama 2,586. Kaunti ya Kwale pekee ina zaidi ya 8,000, na hata kwa watu tunaishinda. Imebanwa na Ufaransa, Ujerumani na Ubelgiji. Mwaka 1944, vita havijaisha, serikali yake ikiwa uhamishoni London, ilikubaliana na Ubelgiji na Uholanzi kuunganisha ushuru wa forodha. Mwaka 1985 mkataba wa kufungua mipaka ukasainiwa Schengen, kijiji chao kidogo kando ya mto. Yaani ile Schengen ya viza ni kijiji cha mpakani, kama Lunga Lunga yetu! Leo watu zaidi ya laki mbili wanatoka nchi jirani kwenda kufanya kazi Luxembourg, na wengi jioni wanarudi kulala kwao.

Sisemi wao wanapendana kutushinda sisi. Hao walipigana vita viwili vikubwa. Walichofanya ni kuwekeana ahadi ambazo waziri mmoja hawezi kuamka akazifuta peke yake. Sisi tunaitana ndugu kila mkutano, lakini ndugu akiudhika kidogo, anafunga mlango. Kenya inafunga, Tanzania inafunga, na anayeumia ni mwenye meza.

Binamu sa hii yuko chini ya mwembe hapa Ukunda. Wateja wake wa Tanga bado wanamtumia sauti: "Kaka, unarudi lini?" Hajawajibu.

Wewe una ndugu upande wa pili? Anafanya kazi gani, na analala bila wasiwasi? Niambie hapo chini.