Uyoga, Bibi na Karatasi Nyeupe



Mvua zimeanza, na kandokando ya barabara wameonekana tena akina mama na ndoo zao za uyoga. Kila niwaonapo huikumbuka homilia moja niliyoitoa katika mwaka wa pili wa upadre wangu, homilia ambayo laiti ningeweza ningeirudisha kinywani.

Nilikuwa paroko msaidizi katika parokia iliyozungukwa na misitu ya miombo. Jumapili ile, nikieleza jinsi Mungu anavyotunza viumbe vyake, nilisema kwamba hata porini ametuachia ishara: uyoga ulioliwa na wadudu hauwezi kumdhuru mwanadamu. Maneno hayo niliyasikia utotoni, wala sikuwahi kuyachunguza. Nilikuwa na miaka saba ya seminari kuu kichwani, nani angenipinga? Siku nne baadaye familia ya watu watano ilifikishwa zahanati usiku, ikitapika na kuharisha bila kukoma. Mtoto mdogo alitundikiwa dripu. Asubuhi nilipowatembelea, mama wa nyumba ile aliniambia kwa upole, na upole huo uliniuma kuliko lawama: "Padre, tuliangalia kwanza. Ulikuwa na matundu ya wadudu."

Walipona wote. Mimi sikupata usingizi kwa muda mrefu.

Katekista alinipeleka kwa bibi mmoja aliyechuma uyoga tangu utoto wake. Sikumaliza hata kueleza. Aliuliza neno moja tu: "Waliukata au waliuchimba?" Walikuwa wameukata. Bibi akatikisa kichwa. Uyoga wa kichuguu, alisema, una mzizi mrefu unaoshuka hadi kwenye makao ya mchwa. Ukichimba bila kuuona mzizi huo, uache ulipo.

Ndipo nilipoanza kusoma elimu ya kuvu, kwanza kwa aibu, baadaye kwa mapenzi. Nilisaidiwa sana na kitabu kuhusu uyoga wa Tanzania kilichotolewa mwaka 2003 na Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Ufini pamoja na mtaalamu wetu wa mimea, Leonard Mwasumbi. Niligundua kwamba bibi yule alikuwa akifundisha sayansi tupu. Mchwa wa vichuguu hukusanya majani makavu na vipande vya miti, kisha huvijengea chini ya ardhi bustani zenye vyumba vyumba kama sega la nyuki. Humo huotesha kuvu inayomeng'enya kile ambacho wao peke yao kingewashinda, nao hula mazao yake. Mvua zikinyesha, kuvu hiyo hupenya udongo hadi juu na kuchanua kofia. Mfaransa Roger Heim aliupa ukoo huo jina la Termitomyces mwaka 1942. Mmoja wao, uliopewa jina la kisayansi mwaka 1980 kutoka Zambia, huwa na kofia inayoweza kufikia upana wa mita moja. Huo ni mwavuli, si mboga!

Uyoga ulioitesa familia ile, kwa kadiri ninavyoweza kuamini leo, ni Chlorophyllum molybdites, unaopenda kuota kwenye nyasi. Ukiwa mchanga, kurasa nyembamba zilizo chini ya kofia yake ni nyeupe, na macho hudanganyika kwa urahisi. Lakini kata kofia iliyokomaa, ilaze juu ya karatasi nyeupe na kuifunika kwa bakuli usiku kucha. Spora, yaani vumbi lake la uzazi, zitaacha alama ya kijani. Za uyoga wa kichuguu huacha rangi ya waridi hafifu. Ama wadudu, hao hawatufundishi chochote: konokono na mabuu hula hata uyoga wa jamii ya Amanita wenye sumu inayoharibu ini la mwanadamu, sumu isiyoondolewa kwa kupikwa, ambayo hujificha saa sita, kumi na mbili au zaidi kabla mtu hajajisikia vibaya.

Nilipata faraja ya pekee nilipokutana vitabuni na padre mwenzangu, Giacomo Bresadola wa Trento, aliyezaliwa mwaka 1847 na kufa mwaka 1929. Alikuwa paroko wa milimani, na uyoga wa milima ile ukamfanya mmoja wa mabingwa wa elimu hii duniani. Alieleza na kutaja majina ya aina zipatazo elfu moja, zikiwemo zilizotumwa kutoka Kamerun. Uzeeni alikuwa fukara kiasi cha kuuza mkusanyo wake, na sehemu kubwa yake ipo Stockholm hadi leo. Nilijiuliza kama naye aliwahi kulazimika kurudi mimbarini kuyafuta maneno yake.

Mimi nilirudi. Jumapili ya tatu, baada ya matangazo, nilisema mbele ya wote kwamba nilikosea, nikamwomba bibi azungumze. Alikataa kusimama mbele ya altare; akafundishia chini ya mwembe, jembe mkononi.

Baadaye nilimpelekea karatasi yangu yenye mduara wa kijani, nikajisifu kidogo. Aliitazama kwa muda, akanirudishia.

"Ni nzuri, Padre. Lakini wajukuu wangu hawawezi kungoja hadi kesho. Wewe chimba."