Nyumba iliyo karibu na stendi

Buzuruga, katika Manispaa ya Ilemela, iko kwenye barabara itokayo Mwanza mjini kwenda Musoma. Watu wengi wa Kanda ya Ziwa wameshafika hapo bila kuwa na shida napo. Kwa miaka mingi anayetoka Magu, Bunda au Tarime alishuka stendi ya Buzuruga, akanyoosha miguu, akanunua maji ya kunywa, kisha akampigia simu ndugu anayeishi jirani. Na karibu kila ukoo una ndugu anayeishi jirani na stendi.

Kwa ukoo mmoja wa Magu, ndugu huyo ni mume wa mama ambaye mtaani wanamwita Mama Mapacha. Mwenyewe ni Mkerewe. Alivuka ziwa kutoka Nansio miaka 14 iliyopita akiwa bibi harusi, na katika yote aliyofundwa na shangazi zake hakuna aliyegusia habari ya stendi.

"Walinifunda kuishi na mume," husema huku akichambua dagaa. "Wangenifunda kuishi na ratiba ya mabasi."

Hilo jina la Mama Mapacha nalo lina kisa. Kwa Wasukuma, pacha hawawasumbui wazazi kutafuta majina. Anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na atakayezaliwa baada yao ni Shija. Mama huyu alikuwa na daftari la majina tangu akiwa msichana, kurasa mbili nzima. Akazaa pacha, wakaitwa Kulwa na Doto. Miaka mitatu baadaye akajifungua tena, akatoa daftari lake, mama mkwe akamwambia kwa upole kwamba huyo naye amekuja na jina lake.

"Nina watoto watatu na sijachagua hata herufi moja," husema. Daftari lile sasa anaandikia hesabu za vitumbua.

Vitumbua ndiyo kazi yake. Saa kumi na moja alfajiri, makonda wa daladala wakianza kuita "Igoma, Kisesa! Igoma!", jiko lake limeshawaka. Baba Mapacha ni fundi seremala, na husifika mtaani kwa milango. Milango ya nyumbani kwake miwili kati ya mitano haifungi vizuri. Mkewe ameacha kulalamika. Anasema mke wa fundi cherehani naye huvaa nguo iliyofumuka pindo, na mke wa kinyozi huishi na mwanamume mwenye nywele timutimu.

Nyumba yenyewe imejengwa kwenye mteremko, na nyuma yake kuna jiwe. Mwanza ni jiji la mawe, na wageni hupiga picha Jiwe la Bismarck lililosimama majini kule mjini. Jiwe la Mama Mapacha halijapigwa picha na mtu, ila lina kazi nyingi. Baba Mapacha aliponunua kiwanja aliahidi kulipasua ili apate nafasi ya jiko la nje. Mafundi wa kupasua mawe wakaja, wakalizunguka, wakataja bei, akawashukuru kwa kuja. Sasa juu yake huanikwa dagaa, mihogo na sare za shule. Watoto hufanyia humo kazi za nyumbani. Baba mwenyewe, wakikosana na mama, hupanda kukaa pale juu na simu yake. Mama humwacha mpaka jua la saa nane. Hakuna mwanamume wa Buzuruga anayeweza kununa juu ya jiwe saa nane mchana.

Wageni ndio hawajui saa. Wengi huja kwa ajili ya Hospitali ya Bugando: mjomba mwenye miadi ya macho, binamu anayemleta mtoto, bibi wa jirani ya bibi. Hulala usiku mmoja, asubuhi wakaenda kliniki, wakirudi wameambiwa waje tena baada ya wiki mbili. Wapo wanaoona heri wazisubiri hizo wiki mbili hapo hapo. Godoro la ziada, ambalo mchana husimamishwa ukutani nyuma ya mlango, limelaza watu wengi kuliko baadhi ya nyumba za wageni.

Kisha mabasi ya mbali yakahamishiwa stendi mpya ya Nyamhongolo, mbele zaidi kwenye barabara hiyo hiyo. Jioni ile Baba Mapacha alikula ugali wake kwa raha. Akamwambia mkewe kwamba sasa watapumua, kwa kuwa mgeni akishuka Nyamhongolo atatafuta ndugu wa Nyamhongolo. Wiki haikuisha, simu ikalia. Mgeni alishuka, akapanda daladala, akaja. Tofauti ikawa kwamba sasa anafika akiwa na njaa zaidi.

Mama Mapacha huwasema wageni, lakini huwasema wakiwa wameshaondoka, na hapo pana siri yake. Mjomba wa macho ndiye aliyemfundisha Doto kusoma saa. Binamu alimsongea ugali siku tatu alipougua malaria. Na hakuna aliyewahi kuja mikono mitupu: wa Magu huleta michembe na kuku aliyefungwa miguu, wa Ukerewe huleta machungwa. Ipo wiki moja ya mwaka ambapo nyumba ile ina machungwa mengi kuliko viti.

Kuna jambo jingine ambalo hakuambiwa na shangazi zake, nalo ni mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa. Giza likiwa nene, dagaa huufuata mwanga na kuingia kwenye nyavu. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa hauwavuti sana, wavuvi wengi hupumzika, na bei katika soko la Mwaloni kule Kirumba hupanda. Mke mwenye watoto watatu na wageni wawili lazima aujue mwezi. Mwaka wa kwanza wa ndoa Baba Mapacha alimkuta mkewe usiku amesimama uani anatazama juu. Akaja taratibu, akasimama naye, akamshika bega, akamuuliza anawaza nini.

"Nawaza ninunue visado vitatu kabla haujajaa," akajibu.

Baba Mapacha husimulia kisa hicho kwa wageni wote. Mkewe humwachia, ingawa hukumbusha kwamba hakumwambia aondoe mkono.

Baba yake Mama Mapacha, mwalimu mstaafu huko Ukerewe, alimpa zawadi ya harusi ambayo wengi waliishangaa: juzuu mbili za riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ya Aniceti Kitereza. Mkerewe huyo aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, na ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980, yaani alingoja miaka 35. Ndani yake kuna mke anayechukuliwa na wazazi wake kwa sababu ndugu wa mume wanamsimanga kwa kukosa mtoto, na mume anayemfuata ukweni kumwomba arudi, akatakiwa kwanza kupeleka pombe ya ndizi. Ni kitabu kinene chenye kilimo, magonjwa, uganga na wakwe. Mama Mapacha alichukua miaka miwili kukimaliza, akikisomea jikoni. Anachokipenda ni kwamba Myombekere alikwenda mwenyewe ukweni, na aliporudishwa akatafute pombe, alikwenda akaitafuta.

"Huyo ndiye mume," alimwambia Baba Mapacha usiku mmoja. "Wewe nimekuomba utengeneze kitasa tangu Pasaka."

"Na huyo Kitereza alingoja miaka 35," mume akajibu, akajifunika shuka.

Maisha yaliendelea hivyo, ya kucheka na kuchoka, mpaka ulipofika urasimishaji wa makazi mtaani kwao. Vijana wa upimaji walikuja na vyombo vyao, wakaweka alama kwenye kona za viwanja, na kona moja ikaangukia kwenye jiwe, mama akalazimika kuanua dagaa. Baadaye zikaja fomu za maombi ya hati. Baba Mapacha alikaa mezani na kalamu, akaandika jina lake, namba yake ya NIDA, akafika mwisho akaanza kukunja.

Mama Mapacha alikuwa anapiga pasi sare. Hakupandisha sauti. Alikwenda kabatini, akaleta lile daftari la majina, akalifungua ukurasa wa nyuma, akaliweka juu ya fomu. Humo mlikuwa na hesabu za miaka mitano, kwa kalamu ya bluu na ya penseli: vitumbua vya wiki, na chini yake mifuko ya saruji. Msingi wa nyumba ile, mifuko 22, ulitoka kwenye kikaango. Paa lilitoka kwenye milango ya Baba Mapacha, hakuna aliyekataa.

Baba Mapacha hakuwa na nia mbaya. Wanaume wengi wanaoandika jina moja hawana nia mbaya siku wanayoandika. Yeye alisema tu kwamba nyumba ni ya familia, jina ni karatasi, na ukoo ungeuliza kwa nini. Hapo ndipo mzaha wote wa nyumba ile ulipoisha kwa siku tatu. Alikwenda juu ya jiwe, na jua la saa nane likamkuta akiwa bado yuko pale.

Sheria ilikuwa upande wa mkewe kwa sehemu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakushinda rufaa yake, lakini kanuni hiyo ilibaki, na wake wengi wameitegemea tangu hapo. Tatizo ni kwamba ili kanuni hiyo ikusaidie, kwanza muwe mmeshafikishana mahakamani. Jina lililoandikwa kwenye hati hukusaidia mapema zaidi, na bila wakili.

Siku ya nne akaja mgeni. Safari hii alikuwa mama mkwe mwenyewe, mwenye miadi Bugando, na kuku wake wawili. Mama Mapacha alimpokea mzigo, akapiga goti, "Shikamoo mama," akaitikiwa, akatandika godoro. Hakumweleza kitu. Lakini mama mzazi akilala usiku mmoja katika nyumba iliyonyamaza, hahitaji kuelezwa. Asubuhi alimwita mwanawe uani, akaketi juu ya jiwe, akamwambia alete hiyo karatasi.

Hakuwa na habari za vifungu. Alimkumbusha tu mwaka aliofariki baba yake. Majivu ya matanga hayajapoa, alisema, baba zako wadogo wakaanza kuhesabu ng'ombe, na shamba la mpunga nililolilima miaka 20 nikaambiwa ni la ukoo. "Nilibaki na jembe," alisema. "Wewe ulikuwa na miaka tisa, ulidhani tumehama kwa kupenda."

Baba Mapacha alikuwa kweli amedhani hivyo, hadi asubuhi ile.

Aliomba fomu nyingine ofisi ya mtaa, kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa na mafuta ya vitumbua. Waliijaza wote wawili jioni, wakabishana dakika kumi jina la nani litangulie, mpaka Kulwa akasema kwamba anayetangulia kuzaliwa ndiye mkubwa, na baba akapata ushindi mdogo wa miaka minne. Shija, aliyekuwa anasikiliza chini ya meza, aliuliza kama na yeye anaweza kuandikwa, na kama akiandikwa anaruhusiwa kuchagua jina.

Kitasa cha mlango wa chumbani kilitengenezwa Jumamosi iliyofuata. Kilichukua dakika 15.

Bibi aliongeza siku nyingine nane, maana Bugando walimpa tarehe mpya. Siku ya kuondoka walimsindikiza wote hadi Nyamhongolo, yeye na mfuko wa machungwa ya Ukerewe. Kabla ya kupanda basi alimuuliza mkwewe kama kwenye hiyo hati wameonyesha na chumba cha wageni. Mama Mapacha akamweleza kwamba hati huonyesha mipaka ya kiwanja peke yake, vyumba haionyeshi.

"Basi haijakamilika hiyo," bibi akasema, akapanda.